Riba juu ya riba kwa laki kumi, 6% kwa mwaka

Mkuu, umeuliza mbona 6% kwa mwaka kwenye laki kumi haiji elfu 60 kamili. Ni kwa sababu benki inaweka riba kila mwezi, so gawa 6 kwa 12 unapata 0.5%, mwezi wa kwanza inaingia 5,000, wa pili inapigwa kwenye 1,005,000 inakuwa 5,025, inaendelea hivo hivo. Kwenye kalkuleta piga 1.005 mara 1.005 hivo hivo hadi ziwe 1.005 kumi na mbili kisha zidisha na laki kumi, utaona 1,061,678.

Ila kwa Bongo kuna kodi ya zuio 10% ya riba, inakatwa kila riba ikiingia, ile 0.5% inabaki 0.45%, so badala ya 1.005 tumia 1.0045, utabaki na kama 1,055,357. Na usitoe toe hela katikati aisee, hapo ndo hesabu yote inavurugika.