Maswali Yenu: Msiba wa watoto wa kifalme ni wa nani?

Barua nyingi za wiki hii zimechochewa na video ya mazishi ya Diana, mama wa wana wa kifalme wa Uingereza William na Harry, aliyefariki kwa ajali ya gari mjini Paris mwaka 1997; video hiyo imeanza tena kuzunguka kwenye simu. Nimechagua chache. Wale walioleta maswali ambayo yamekwisha kujibiwa hapa wasitarajie maelezo marefu.

William na Harry walitembea nyuma ya jeneza la mama yao bila kutoa chozi. Je, walifundishwa ugumu wa moyo?

Tarehe 6 Septemba 1997 William alikuwa na umri wa miaka 15 na Harry alikuwa na miaka 12. Walifuata kigari cha mizinga kilichobeba jeneza, wakiwa na baba yao, babu yao Philip na mjomba wao Charles Spencer, kati ya kuta mbili za watu ambao hawakuwafahamu na waliokuwa wakilia kwa sauti. Miaka 20 baadaye William alieleza kwamba aliinamisha kichwa ili nywele zimfunike uso, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kujificha. Harry kwa upande wake amesema kwamba hakuna mtoto anayepaswa kuombwa kufanya jambo kama lile, na mjomba wao amesema wazi kwamba alipinga wazo hilo, akaambiwa kuwa watoto wenyewe wametaka, naye baadaye akatambua kwamba hakuambiwa ukweli.

Msomaji wangu, siku iliyotangulia watoto hao walikuwa wametolewa nje ya Kasri la Kensington kuwashika mikono waombolezaji, na Harry anakumbuka kwamba mikono aliyopewa ilikuwa imelowa machozi. Wafiwa ndio waliokuwa wakiwapa pole wageni! Wewe uliyetazama video hiyo kwenye simu, tena pengine mara mbili, ukikagua mashavu ya mtoto aliyefiwa, unaendeleza kazi ileile iliyofanywa na umati wa siku ile. Kama ulitaka dalili ya huzuni, ilikuwapo juu ya jeneza: bahasha nyeupe katikati ya maua, yenye neno moja tu la mtoto kumwita mama yake. Hata hiyo kamera ziliisogelea.

Je, ni kweli Diana aliuawa na watu wa ikulu?

Hapana. Aprili 2008 baraza la wazee wa mahakama jijini London liliamua kwamba kifo kilitokana na uzembe mkubwa wa dereva Henri Paul pamoja na wa madereva wa vyombo vilivyokuwa vikilifukuza gari lao. Hii ni mara ya mwisho kujibu swali hili.

Kwa nini Malkia Elizabeth, bibi yao, alibaki Balmoral, kasri lake la Scotland, siku zote zile badala ya kurudi London kuomboleza na watu wake?

Kwa sababu alikuwa na wajukuu wawili waliofiwa na mama. Ninajua kwamba jibu hili halitawaridhisha wengi, kama lilivyokosa kuwaridhisha wahariri wa wakati ule, ambao kurasa zao za mbele zilimtaka aonyeshe kwamba anajali na kuuliza bendera ya Kasri la Buckingham, makao yake ya London, iko wapi. Bendera ya kifalme hupepea pale tu alipo mtawala, wala haishushwi nusu mlingoti kwa kifo cha mtu yeyote, hata cha mtawala mwenyewe. Lakini nani alikuwa na subira ya kusikiliza utaratibu? William ameeleza kwamba bibi yake aliyaondoa magazeti nyumbani makusudi ili wao wasiyasome. Magazeti yaliyofichwa watoto ndiyo yaliyoshinda: tarehe 5 Septemba Malkia alirejea London na kuhutubia taifa moja kwa moja kwenye televisheni.

Naongeza jambo ambalo hukuuliza. Hasira ile iliwafaa sana wenye magazeti, kwa maana wiki hiyohiyo watu walikuwa wameanza kuuliza nani alikuwa akizinunua picha za wale wapigapicha waliomfukuza Diana mjini Paris.

Mimi ni mwenyeji wa Nyeri. Nasikia Malkia huyohuyo alipata msiba akiwa huku kwetu. Waandishi walimtendea vipi?

Swali zuri kuliko yote. Tarehe 6 Februari 1952, akiwa na umri wa miaka 25, alipewa habari ya kifo cha baba yake katika nyumba ya Sagana, baada ya usiku aliokesha Treetops, hoteli ya juu ya mti, akitazama wanyama. Alipoondoka, wapigapicha waliombwa wasimpige picha, wakasimama kando ya njia na kamera zao chini. Walikuwa na picha ambayo ingenunuliwa dunia nzima, wakaiacha ipite.

Harry ameandika kitabu na kuketi kuhojiwa na Oprah kwenye televisheni ya Marekani. Anadai faragha gani tena?

Mtu anayesimulia msiba wake kwa hiari hajampa jirani ruhusa ya kuingia chumbani. Mwaka 2007 mwandishi wa habari za kifalme wa gazeti la News of the World, Clive Goodman, alifungwa jela kwa kunasa ujumbe wa simu za watumishi wa ikulu, na Desemba 2023 Mahakama Kuu ya London ilimpa Harry fidia ya pauni 140,600 dhidi ya kampuni ya magazeti ya Mirror kwa makosa ya aina hiyo. Hata hivyo simtetei kwa yote: mazungumzo ya ndani na kaka yake, aliyoyaweka kitabuni, hayakuwa yake peke yake.

Je, hakuna kanuni zinazowalinda watoto hawa?

Zipo. Kanuni za maadili za magazeti ya Uingereza zilikazwa kuanzia Januari 1998, zikataka mwanafunzi aachwe amalize masomo yake bila kuingiliwa pasipo lazima. William alipoanza Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 2001 vyombo vya habari vilikubali kupiga picha za siku ya kwanza kisha kuondoka. Waliokutwa wamebaki mjini wakirekodi walikuwa watu wa kampuni ya televisheni ya baba yake mdogo, Edward. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa nini Kate, mke wa William, alificha ugonjwa wake hadi watu wakazua maneno? Na ni saratani ya kiungo gani?

Maneno mliyazua wenyewe. Januari 2024 ilitangazwa kwamba amefanyiwa upasuaji wa tumbo na kwamba hataonekana hadi baada ya Pasaka. Ni kweli kwamba ile picha ya familia ya mwezi Machi, iliyorekebishwa hadi mashirika ya habari yakaiondoa, lilikuwa kosa, naye aliomba radhi. Lakini tarehe 22 Machi alipotangaza kuwa ana saratani, alisema walihitaji muda wa kuwaeleza watoto wao George, Charlotte na Louis, na mdogo wao alikuwa na miaka mitano. Mlitaka mtoto huyo asikie kwanza kutoka kwenye ubuyu wa mitandaoni?

Sehemu ya pili ya swali lako siijibu.