Digrii ya SUA na usajili wa Marekani

Mdogo wangu, nimekuelewa: una digrii ya lishe kutoka SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), unajitolea hospitali hapa Dar, na wakala anataka hela akufanyie mpango wa kusajiliwa Marekani kama mtaalamu wa lishe. Usimpe hata senti.

Tangu Januari 1, 2024, mtihani wa usajili huo huufanyi bila shahada ya uzamili. Juu yake kuna mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi, saa zisizopungua 1,000, kwenye programu iliyoidhinishwa na ACEND, chombo cha Marekani kinachoidhinisha mafunzo ya lishe. Tafuta inayounganisha vyote viwili. Kuhangaika na vitendo peke yake baadaye ni kamari, na mara nyingi mlipaji ni wewe. Ila kwanza vyeti vyako vifanyiwe tathmini na shirika linalotambulika kule.

Kujitolea kwako hakuchukui nafasi ya saa hizo, lakini usikudharau. Mimi nilikuwa na daftari la wodini: mgonjwa wa kisukari, ugali mchana na usiku, tumekubaliana apunguze nini, akirudi kliniki sukari inasomaje. Majina sikuandika, nawe usiandike. Kwenye usaili niliulizwa hayo hayo.

Mambo ya viza muulize mwanasheria wa uhamiaji. Na kama nia yako ni kufanya kazi Muhimbili au Temeke, njia hiyo yote ya nini?