Kila mlinzi wa kerneli apewe swichi yake

Usiku mmoja seva ya hifadhidata niliyokuwa nikiitunza iliganda. Ping (ujumbe wa kuuliza kama mashine ipo) inajibu, SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) haifunguki, konsoli kimya. Niliizima na kuiwasha, nikapekua logi mpaka adhana ya alfajiri: hakuna hata mstari mmoja. Ndipo nikakumbuka kwamba wiki iliyotangulia niliandika 0, yaani zima, kwenye kernel.nmi_watchdog, swichi ya mlinzi wa kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) anayeandika onyo kwenye logi prosesa inapokwama. Nilikuwa napima kasi ya programu kwa perf, nikataka kuachilia kihesabio kimoja cha prosesa (sehemu ya maunzi inayohesabu matukio) ambacho mlinzi huyo hukishika.

Ile Linux ilikuwa ya kabla ya toleo la 4.1. Huko nyuma, nmi_watchdog na watchdog yalikuwa majina mawili ya swichi moja. Nilidhani nimemlaza mlinzi mmoja, kumbe nimewalaza wote wawili.

Na kazi zao ni mbali mbali. Mmoja hupiga kelele pale msimbo wa kerneli unapoing'ang'ania prosesa zaidi ya sekunde 20 bila kuziachia kazi nyingine nafasi. Huyu hutegemea saa ya kerneli, inayomwamsha kila sekunde 4. Mwingine hushughulikia balaa kubwa zaidi: prosesa isiyosikia hata vikatizo (ishara zinazoitaka iache kazi na kuzihudumia kwanza) kwa sekunde 10, na ndiye anayekula kile kihesabio. Seva yangu ilijibu ping, maana yake vikatizo vilikuwa vinapita. Niliyemhitaji ni yule wa kwanza, na yeye hakuwa akinigharimu kihesabio chochote.

Mwaka 2015 toleo la 4.1 liliwatenganisha: nmi_watchdog ya yule wa vikatizo, soft_watchdog ya yule wa sekunde 20, na watchdog ikabaki swichi kuu. Mwenzangu, ukiandika programu yoyote ya ulinzi, anzia hapo. Gawa swichi kwa kufuata gharama, kwa sababu mtu huzima kitu anapoona kinamgharimu.

Muda wa kusubiri wameupanga vizuri: namba moja tu, watchdog_thresh, kwa kawaida 10, na yule wa sekunde 20 huchukua mara mbili yake. Ukibadilisha moja, uwiano haupotei. Nisichokipenda ni kwamba 0 kwenye namba hiyo huwazima wote. Namba ya muda ingebaki kupima muda.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kutenganisha kuona na kuchukua hatua. Swichi ya softlockup_panic ikiwa 1, kerneli hujiangusha mara tu inapoona mkwamo. Kwenye mashine halisi yenye pacha wa kushika zamu na kdump (inayohifadhi nakala ya kumbukumbu kerneli inapoanguka) iliyojaribiwa, naiweka bila wasiwasi. Kwenye mashine pepe siiweki. Mwenyeji (mashine halisi inayobeba mashine pepe) akielemewa, mgeni, yaani mashine pepe, hunyimwa prosesa, kisha akirudishiwa anakuta saa imeruka, na logi inaandika kwamba CPU (prosesa) imekwama sekunde 23 ilhali msimbo wake hauna kosa. Onyo kwenye logi linanitosha. Kuiua mashine yenye wateja ndani kwa kosa la jirani ni dhuluma.

Leo hii endesha amri ya kusoma swichi hizi, sysctl kernel.watchdog kernel.soft_watchdog kernel.nmi_watchdog kwenye kila seva yako, usome majibu yote matatu. Ukizima chochote, kizime kupitia faili ndani ya /etc/sysctl.d, na juu yake uandike tarehe, sababu na siku ya kukirudisha. Mimi siku hizi naandika hiyo siku ya kurudisha kwanza, ndipo naandika 0.