Hisani ya Mtandao Ilivyonigharimu

Kwa miaka miwili, chini ya kila picha kwenye tovuti yangu nilikuwa naandika "Picha kwa hisani ya mtandao", basi, nalala usingizi. Asubuhi moja ikaingia meseji ya WhatsApp: "Dada habari. Ile picha ya dau kwenye makala yako ya Pangani niliipiga mimi." Akaniambatanishia picha yenyewe, nzima. Kwenye yangu dau limejaa fremu. Kwenye yake, kona ya chini kulia pana jina lake, na juu kidogo ya jina kuna mtoto amekaa mchangani anatazama maji. Nilipokata jina, mtoto naye akaenda.

Nikajitetea kwamba niliitoa Google.

"Google hawakuipiga," akanijibu.

Nikaiondoa siku ileile, nikamlipa shilingi 80,000 kwa miezi iliyokaa pale. Angetaka angedai zaidi.

Kumbe hakimiliki ya picha haisubiri kusajiliwa. Inaanza picha inapopigwa. Ndivyo ulivyo Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na Tanzania imo tangu 1994. Hata ningeliandika jina lake kwa herufi kubwa, ruhusa bado sikuwa nayo. Na hiyo hisani, nani alinifanyia?

Siku hizi nyingi napiga mwenyewe kwa simu, hata zikitoka na ukungu kidogo. Nikikosa, naingia Wikimedia Commons, hazina ya picha za bure mtandaoni, nasoma leseni kabla ya kupakua. Leseni ya CC0, yaani mwenye picha ameachia haki zake, huna deni na mtu. CC BY lazima umtaje mpiga picha, uweke kiungo cha leseni, na useme kama umeikata. Ukiona herufi NC, yaani si kwa biashara, na tovuti yako ina matangazo, achana nayo. Tovuti za picha za bure kama Pexels na Unsplash nazo zipo, ila picha zake zinanichosha: watu wanaichekea saladi.

Ninachopenda zaidi ni kumwomba mwenyewe. Namweleza picha itakaa wapi na kwa kazi gani, akijibu "sawa, tumia" napiga skrinshoti na kuihifadhi folda moja na picha. Wengi hukubali. Walionikatalia ni wawili, na mmoja ilikuwa harusi ya dada yake, namwelewa.

Mwezi uliofuata nilimwomba yule wa Pangani niirudishe picha yake. Akakubali kwa sharti moja: mtoto asikatwe.