Muulize Bibi: Sikukuu ya mwezi na simu

Barua za mwezi huu karibu zote zinaulizia Idi. Nimechagua nne na kuzikata kidogo, maana baadhi yenu mnaandika kama mnaotuma sauti ya WhatsApp ya robo saa.

Shikamoo Bibi. Mimi mtu wa bara, nimeolewa na Mzanzibari, tunaishi Temeke na watoto watatu. Kila Idi tunavuka kwenda kwa mama mkwe, Michenzani. Mwaka jana tulivuka mwezi 29 Ramadhani, bandarini watu wamefurika, tukafika magharibi, na usiku huohuo mwezi ukaandama. Sikuwa na hata kileja kimoja cha kuweka mezani. Utajipangaje na siku usiyoijua?
*Mama Watatu, Temeke*

Marahaba mwanangu. Siku huijui, lakini si kwamba hujui kitu: mwezi utaandama usiku wa kuamkia 30, au mtatimiza thelathini. Nyinyi mlijipangia ile ya pili. Jipangie ya kwanza. Ukitimia 30, umepata siku nzima ya kumpaka mwanao hina bila kukimbizana.

Vukeni 27 au 28. Baba watoto akikosa ruhusa kazini, tangulia na watoto, yeye atafuata. Tiketi siku hizi mnakata kwa simu, sasa kwa nini msubiri mpaka kumi la mwisho? Ya kurudi ndiyo ya kufikiria. Serikali inatoa siku mbili za mapumziko kwa Idi el Fitri, lakini huku kwetu sikukuu ina mosi, pili, tatu na nne, na watoto wakishaonja Mnazi Mmoja jioni ya mosi, kuwaondoa asubuhi ya pili ni ugomvi. Kabla hujalipa, uliza kama tiketi inakubali kubadilishwa siku.

Jikoni, tenganisha vinavyokaa na visivyokaa. Kileja cha unga wa mchele na samli kinakaa, mradi kipoe kabisa kabla hujakitia kwenye kopo linalobana. Ukikifunika kingali moto kitatoa jasho na kulainika. Visheti navyo vinakaa. Hivyo vipikeni Temeke, mvuke navyo. Thomu na tangawizi saga mapema, weka kwenye friji. Vitunguu vya biriani vikaange siku mbili kabla, vichuje mafuta vizuri. Hiliki na mdalasini nunua mwanzo wa mwezi, maana usiku wa mwezi kuandama Darajani kila mtu ananunua na hakuna anayepatana bei. Nyama mwagize muuza nyama wenu mkiwa bado na siku tatu nne, ukampe na kitu cha mkononi ili asikusahau. Usiku wenyewe ubakiwe na kazi moja tu, kuilaza nyama kwenye mtindi na viungo. Kaimati usiziguse mpaka asubuhi. Na kabla ya yote hayo mpigie mama mkwe umuulize yeye anapika nini. Nimeona nyumba yenye masufuria mawili ya biriani na hakuna aliyekumbuka tambi.

Sasa hilo la kuandama. Makundi ya familia kwenye simu yanaharibu watu. Saa moja usiku inakuja sauti ya mzee anatangaza mwezi umeonekana, kumbe ni ya miaka mitatu iliyopita, mtu kaifukua. Kwa hapa Zanzibar subiri tangazo la Mufti redioni, basi. Kama kuna shemeji anayefuata mwezi wa Makka, huyo huenda akasali siku moja kabla yenu. Mwekee chakula kwenye hotpoti, usimwekee mjadala.

Asubuhi watoto wale tende kabla ya kwenda kusali, witiri: moja, tatu au tano. Hiyo ni sunna ya Idi hii. Ile ya kuchinja, aliyezoea sunna hali mpaka atoke kusali.

Asalaam aleikum Bibi. Niko Dubai, mke na watoto wako Fuoni. Mwaka 2025 mimi nilisali Idi Jumapili tarehe 30 Machi, wao wakafunga siku hiyo, wakasali Jumatatu. Nataka kujua zakatul fitri yao nitume lini, na je, mkono wa Idi kwa watoto nikiutuma kwa simu unafaa?
*Baba Aliye Mbali*

Waaleikum salaam. Mwaka ule si wewe peke yako. Ndugu zetu wa Muskat nao walisali Jumatatu kama sisi, na wewe uko jirani yao tu.

Fitri ya mkeo na watoto ni juu yako, na kwa madhehebu yetu ya Shafi hutolewa kule waliko wao, kwa hiyo ni Fuoni. Yako wewe mwenyewe ni ya huko ulipo. Kiasi ni pishi moja ya chakula tunachokula kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne. Kwa mizani masheikh wengi wanasema kilo mbili na nusu, wengine wanatia tatu kwa tahadhari. Na Shafi anataka chakula, si pesa. Hanafi ndio wanaokubali thamani yake. Hapo simu haina ubaya wowote: mwakilishe mkeo au dada yako, tuma pesa, yeye anunue mchele aupeleke kwa wanaostahiki. Usichoweza ni kumtumia masikini shilingi kwenye namba yake ukasema umetoa fitri ya Shafi. Una jambo zaidi ya hapo, muulize sheikh wako, mimi ni bibi tu.

Wakati wake wa lazima ni kuzama kwa jua la siku ya mwisho, na bora itoke kabla ya sala, ila kuitanguliza ndani ya Ramadhani kunajuzu. Basi tuma kumi la mwisho linapoingia. Usisubiri Idi yako. Mwaka mwingine Fuoni wanaweza kukutangulia, na mchele wako ukafika watu wameshasali.

Mkono wa Idi ni habari nyingine. Mtoto wa miaka sita hana haja na ujumbe wa muamala kwenye simu ya mama yake. Anataka noti, mpya, isiyokunjwa, aiweke kwenye kipochi aende nayo viwanjani. Tuma mapema, mkeo akabadilishe benki, kwa sababu mawakala mkesha wa Idi hukaukiwa na pesa taslimu. Tuma pia orodha ya majina, na usiwasahau watoto wa jirani. Watakuja kutoa mkono nao, na aibu itakuwa ya mkeo, si yako.

Bibi, binti zangu wanataka sare ya familia nzima ya kupigia picha, mpaka baba yao kanzu ya rangi ya maziwa ya chai. Mume wangu hataki hata kusikia. Nifanyeje?
*Mama Wasichana, Tanga*

Mume wako yuko sahihi kuhusu rangi hiyo. Wape wasichana madera ya kitambaa kimoja, baba abaki na kanzu yake nyeupe na kofia yake ya viua, picha itapendeza zaidi. Ila kitambaa kifike kwa fundi mwezi wa Shaabani. Fundi anayekubali kazi mpya kumi la mwisho anakudanganya, na utamkuta usiku wa mwezi kuandama anakwambia vifungo tu ndivyo vimebaki.

Shikamoo. Mimi bi harusi wa miezi minne, nafanya kazi benki. Nimeagiza biskuti na keki za Idi kwa dada mmoja wa Instagram. Wifi yangu anasema ni aibu, mke wa kwetu hanunui vya mezani.
*Mgeni, Mombasa*

Marahaba. Muulize wifi yako tambi na halua ananunua wapi, maana simjui mtu anayekoroga halua nyumbani kwake. Kununua si aibu. Kununua na kusema umepika ndiyo aibu, na Mombasa watajua, wanaitambua mikono ya kila mpishi wa mji. Agiza hizo keki, ila chagua kitu kimoja kitoke mkononi mwako, hata mkate wa sinia. Umpelekee mama mkwe wewe mwenyewe, kwa miguu yako, sikukuu mosi baada ya adhuhuri. Usimpe mtu wa bodaboda.