Chokaa kwenye bwawa la perege

Mkuu, umeuliza kwa nini bwawa lako la mita 300 za mraba huko Njombe halishiki rangi ya kijani licha ya samadi yote hiyo, na kama unaweza kumwaga chokaa perege wakiwa ndani.

Udongo wa nyanda za juu mara nyingi una asidi. Huo hukamata fosforasi ya mbolea, na mwani, vile vimea vidogo vinavyoleta ukijani, unabaki na njaa. Pima pH (kipimo cha asidi) ya maji alfajiri na jioni. Ikiwa chini ya 6.5, weka chokaa ya kilimo (mawe ya chokaa yaliyosagwa), kilo 30 hadi 60 kwa eneo lako. Wakati mzuri ni baada ya kuvuna: kausha, nyunyiza sakafuni na kingoni, jaza maji, kisha subiri wiki moja au mbili kabla ya samadi, maana kalsiamu nayo hufunga fosforasi.

Samaki wakiwamo, chokaa ya kilimo haina shida ukiigawa kidogokidogo. Ila tafadhali sana, ile ya kupaka ukutani usiiguse! Hupandisha pH ghafla, amonia itokanayo na uchafu wa samaki inageuka sumu, na utaokota mizoga asubuhi.