Mofini salfeti: lazima urekebishe uzito
Unapopima mofini maabara, je, urekebishe uzito wa kiwango rejea (dawa safi ya kulinganishia)? Ndiyo, urekebishe, kama kiwango rejea chako ni unga wa mofini salfeti pentahidrati (chumvi ya mofini iliyoshika maji) na ripoti inataka mofini yenyewe (besi huru, yaani bila chumvi wala maji). Uzito wa molekuli wa chumvi hiyo ni 758.8, na ndani yake mna mofini mbili za 285.3 kila moja, yaani sehemu 0.752. Miligramu 10.00 ulizopima zina mofini miligramu 7.52 tu, kabla ya kuzidisha kwa usafi ulioandikwa kwenye cheti cha kiwango hicho (soma vizuri kama usafi huo umeshahesabu maji). Ukisahau, majibu yote yanapanda kwa karibu theluthi, na mstari wa kalibresheni (unaolinganisha ishara ya mashine na kiasi cha dawa) bado utanyooka vizuri kabisa. Hilo ndilo la hatari: hakuna kitakachokuonya isipokuwa sampuli ya udhibiti (yenye kiasi kinachojulikana) kutoka chanzo kingine.

Ampuli za kiwango rejea kilichokwisha kuyeyushwa, za miligramu 1 kwa mililita, ni habari nyingine. Nyingi zimeshaandikwa kwa besi huru, hivyo usirekebishe mara ya pili. Chukua ujazo kwa sirinji ya kupimia, kwa sababu ampuli hujazwa kupita kilichoandikwa. Kama kiwango chako ni heroini, iyeyushe kwa kiyeyushi cha asetonitraili. Ikikaa kwenye methanoli huvunjika kuwa kemikali nyingine, 6-asetilimofini.